Maktaba Ipo, Python Haiioni: Majibu kwa Wasomaji Wanaochanganya C na Python

Swali

*Shikamoo Mwalimu. Niko kitengo cha takwimu katika kampuni ya malori hapa Morogoro. Kila lori lina kifaa cha GPS, nami hukokotoa kilomita lilizokwenda ili ofisi ijue dizeli iliyopaswa kutumika. Kwa Python peke yake hesabu ya mwezi inachukua muda mrefu mno, kwa hiyo sehemu ya kukokotoa niliiandika kwa C++ kwenye faili `umbali.cpp`, nikagawa kazi kwa nyuzi 4 (threads) kwa kutumia `pthread_create`, nikataka kuiita kwa ctypes, moduli ya Python ya kuita msimbo wa C. Nilianza na `g++ -O3 -march=native umbali.cpp -o libumbali.so`, ikalalamika haioni `main`. Nikaongeza `-shared`, ikakubali. Python ikasema faili haipo, wakati ipo folda ileile. Nikainakili kwenda `/usr/lib`, ikasema `undefined symbol: umbali`. Nimefuta Python nikaiweka upya, nimebadilisha toleo la g++, hakuna kilichobadilika. Na kuna jingine: laptopu yangu ni Ubuntu 22.04, seva ya ofisi ni 20.04, na nilipojaribu kule ilisema `GLIBC_2.34' not found`. Nianzie wapi?*

*K., Morogoro*

Jibu

Marahaba, K. Kwanza iache Python na g++ zilivyo, hakuna hata moja iliyoharibika. Umekutana na makosa manne, kila moja lina chanzo chake, ila umeyafuata kana kwamba ni kosa moja linalojirudia.

Msimbo wako unapita hatua nne kabla Python haijapata jibu. Kuna kukompaili, yaani kugeuza C++ kuwa lugha ya mashine. Kuna kuunganisha, ambako vipande vinashonwa kuwa faili moja ya `.so`. Kuna kupakia, pale Linux inapoifungua faili hiyo ndani ya Python. Na mwisho kuna kuita, pale thamani zinapovuka kutoka Python kwenda C++ na jibu kurudi. Bendera unazompa kompaila yako g++ (yale maneno yanayoanza na `-`) zina nguvu kwenye hatua mbili za kwanza. Ya tatu inategemea zaidi mashine inayopakia, na ya nne inategemea kile ulichomweleza ctypes. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote uliza: ni nani anayesema maneno haya? `undefined reference to main` ni maneno ya kiunganishi. Hakujua kwamba unataka maktaba, akatafuta mahali pa kuanzia programu. Hapo `-shared` ilikuwa dawa sahihi, lakini iende pamoja na `-fPIC`, kwa sababu maktaba haijui itapakiwa kwenye anwani gani ya kumbukumbu na lazima iandikwe ikiwa tayari kukaa popote. Bila `-fPIC` wakati mwingine inapita kwa bahati, na siku ukiongeza kigeu kimoja cha nje inakataa.

Ilipofika zamu ya Python, aina ya kosa ingekuambia mengi. Ctypes ikikupa `OSError`, faili haikufunguka. Ikikupa `AttributeError`, faili imefunguka vizuri kabisa ila jina ulilolitaja halimo. Nakuomba uishike tofauti hii, maana itakuokolea usiku mwingi.

`OSError` yako ilitokana na `CDLL("libumbali.so")`. Jina lisilo na mkwaju linatafutwa kwenye folda za mfumo tu, na folda unayofanyia kazi haimo. Usinakili faili kwenda `/usr/lib`. Itabaki kule, na baada ya miezi utakuwa unarekebisha faili moja huku Python ikifungua nyingine. Ifute leo. Mpe njia kamili:

```
import ctypes, pathlib
hapa = pathlib.Path(__file__).resolve().parent
lib = ctypes.CDLL(str(hapa / "libumbali.so"))
```

Na siku nyingine ukiona `cannot open shared object file`, soma jina lililo mwanzoni mwa sentensi hiyo. Likiwa la faili yako, njia ndiyo mbaya. Likiwa jina jingine, faili yako imepatikana na kinachokosekana ni maktaba ambayo faili yako inaitegemea; `ldd ./libumbali.so` itakuonyesha mstari wenye `not found`.

Tuje kwenye `undefined symbol: umbali`. Usibahatishe, iulize faili yenyewe:

```
nm -D libumbali.so | grep umbali
```

Utaona jina halikupotea, limeandikwa `_Z6umbalidddd`. Litazame polepole. `_Z` ni alama kwamba jina limetengenezwa na kompaila ya C++. 6 ni idadi ya herufi za neno linalofuata, na neno hilo ni umbali. Zile `d` nne ni `double` nne inazopokea. C++ inaruhusu fankisheni kadhaa zenye jina moja mradi vigezo vyake vinatofautiana, kwa hiyo inaviandika vigezo ndani ya jina ili zisigongane. Wewe umeomba `umbali`, na kwenye orodha ya maktaba hakuna kitu chenye jina hilo tupu. Kwenye `umbali.cpp` andika:

```
extern "C" double umbali(double lat1, double lon1,
                         double lat2, double lon2);
```

Fanya hivyo kwa kila fankisheni itakayoitwa kutoka nje. Ndani yake endelea na C++ kama kawaida. Kompaili upya, rudia `nm`, na sasa utaona herufi `T` ikifuatwa na `umbali`. Ukiona `U` ujue maktaba inalitaja jina hilo lakini haina fankisheni yenyewe.

Hadi hapa makosa yote yalipiga kelele. Hatua ya nne ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu inaweza kukosea kimya, na kwenye kazi yako anayeumia ni dereva. Ctypes haiwezi kusoma faili ya `.so` ikajua fankisheni inarudisha nini. Usipoiambia, inachukulia kwamba kila fankisheni inarudisha `int`. Kwenye mashine zetu za x86-64, jibu la aina ya `double` linarudi kwenye rejista (kisehemu cha kushikia namba ndani ya prosesa) ya xmm0, na jibu la `int` kwenye eax. Ctypes itakwenda kuangalia eax, ichukue chochote ilichokikuta, ikuletee kama namba halali. Hakuna onyo. Namba hiyo ikiingia kwenye jedwali la dizeli, kuna mtu ataitwa ofisini kujibu kuhusu lita ambazo hakuziiba. Kwa hiyo mistari hii miwili ni ya lazima, na iandike mara tu baada ya `CDLL`, kabla ya kuita kitu chochote:

```
lib.umbali.argtypes = [ctypes.c_double] * 4
lib.umbali.restype = ctypes.c_double
```

Ukisahau `argtypes` na kupitisha namba ya desimali moja kwa moja, ctypes angalau itagoma. Lakini ukiandika `c_float` mahali pa `c_double` haitagoma, na utapata namba ya ajabu. Fankisheni yako ya nyuzi 4, inayopokea orodha ya nukta, inataka uangalifu zaidi: pointa (anwani ya kumbukumbu) ya orodha itangazwe `ctypes.POINTER(ctypes.c_double)`, na kama idadi ni `size_t` kwenye C++, iwe `c_size_t` kwenye Python. Kama kuna fankisheni inayorudisha pointa na hukutangaza `restype`, baiti 8 za anwani zinakatwa kuwa 4. Programu inaanguka kwa `Segmentation fault`, na watu huanza kulaumu nyuzi.

Halafu ipime kwa jibu unalolijua. Chukua katikati ya Dar es Salaam, -6.816 na 39.280, na Morogoro mjini, -6.824 na 37.661. Kwa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, ukitumia nusu kipenyo cha kilomita 6371, lazima upate karibu kilomita 179. Barabara ni ndefu zaidi bila shaka, lakini hapa tunapima fankisheni tu. Iache ile kanuni yako ya zamani ya Python ndani ya mradi, zipitishe nukta za lori moja kwa njia zote mbili, na jedwali lisitoke ofisini kama majibu hayalingani. Mimi nisingekubali hesabu inayogusa mshahara wa mtu ikatoka bila kipimo hicho.

Sasa seva. Ujumbe wa `GLIBC_2.34' not found` hausemi kwamba seva haina glibc, ile maktaba ya msingi ya C kwenye Linux. Unasema maktaba yako imegongwa muhuri wa toleo ambalo seva haijalifikia. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, Ubuntu 20.04 ina 2.31. Ukitaka kujua ni jina gani hasa linaloleta ugomvi:

```
objdump -T libumbali.so | grep GLIBC_2.34
```

Nina hakika utaona `pthread_create`. Fankisheni hiyo ni ya zamani sana, ila glibc 2.34 ya Agosti 2021 iliihamisha kutoka maktaba ya pembeni ya libpthread ikaiingiza ndani ya libc yenyewe, na katika kuhama ikapewa muhuri mpya. Msimbo wako haujatumia kitu chochote cha kisasa. Kilichokuponza ni kuunganisha kwenye mashine mpya na kupeleka kwenye mashine ya zamani. Glibc inalinda njia ya kwenda mbele tu: kilichounganishwa kwa toleo la zamani hufanya kazi kwenye jipya, kinyume chake hakina ahadi.

Kwa hiyo kompaili kwenye seva yenyewe, au kwenye kontena (mazingira yaliyotengwa) ya Ubuntu 20.04 ndani ya laptopu yako. Usichukue `libc.so.6` ya laptopu ukaipandisha kwenye seva. Nimeona watu wakishauriana hivyo na inanisikitisha, kwa maana ukiiweka mahali pa ile ya mfumo hata `ls` haitafunguka, na seva ya ofisi haina mtu wa kuinusuru saa nane usiku. Mwambie pia anayehusika kwamba msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 uliisha mwaka 2025. Seva hiyo inahitaji kupandishwa, ila iwe kwa mpango, isiwe kwa sababu ya faili lako moja.

Ondoa na `-march=native`. Inamwambia g++ atumie maagizo yote ya prosesa ya laptopu yako. Seva ikiwa na prosesa ya zamani, programu inakufa kwa `Illegal instruction`, pengine baada ya kufanya kazi vizuri kwenye nusu ya data. Amri ninayokupa ni hii:

```
g++ -O2 -fPIC -shared -pthread umbali.cpp \
    -o libumbali.so -Wl,-z,defs
```

Kile kipande cha mwisho nakipenda sana. Kwa kawaida kiunganishi kinaruhusu maktaba ya `.so` ibaki na majina yasiyo na mwenyewe, kwa matumaini kwamba yatapatikana wakati wa kupakia. `-Wl,-z,defs` inakataza hilo, na kosa linajitokeza mbele yako badala ya kujitokeza kwa mtumiaji. Ukikompaili kwenye 20.04 ukasahau `-pthread`, kitagoma palepale na kukutajia `pthread_create`. Kama siku moja utahamia C tupu na `gcc`, ongeza `-lm` kwa ajili ya sin na cos, na uiweke baada ya jina la faili. Kwenye Ubuntu kiunganishi huiacha maktaba ambayo bado hakuna aliyeihitaji, kwa hiyo `-lm` ikitangulia mbele hutupwa.

Swali

*Salaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, Mombasa, natumia Windows. Nimetengeneza `hesabu.dll` kwa g++ ya MinGW, kompaila ya GCC kwa Windows. Ctypes inaniambia `Could not find module 'C:\mradi\hesabu.dll' (or one of its dependencies)`. Njia ni kamili na faili naiona kwa macho yangu. Rafiki yangu mwenye Python ya zamani anaifungua bila shida.*

*Bi F.*

Jibu

Waalaikum salaam, binti yangu. Uzito wa ujumbe huo uko kwenye yale maneno ya mabano. Faili yako imepatikana, waliokosekana ni jamaa zake, yaani maktaba inazozitegemea. Waone kwa kuandika:

```
objdump -p hesabu.dll | findstr "DLL Name"
```

Pamoja na `KERNEL32.dll` na `msvcrt.dll` au `ucrt`, ambazo ni za Windows, bila shaka utakuta `libstdc++-6.dll`, `libgcc_s_seh-1.dll` au `libwinpthread-1.dll`. Hizo ni za MinGW na zinakaa kwenye folda yake ya `bin`. Python ya rafiki yako ni ya kabla ya 3.8. Wakati huo Windows ilizitafuta kwenye PATH (orodha ya folda inamotafuta programu), na PATH ya MinGW ilikuwemo. Kuanzia 3.8, iliyotoka Oktoba 2019, Python iliacha kutumia PATH kwa jamaa wa DLL, kwa sababu za usalama: mtu yeyote aliyeweza kuweka faili kwenye folda iliyo kwenye PATH aliweza kupenyeza msimbo wake.

Kwa majaribio kwenye mashine yako, itaje folda waziwazi kabla ya kupakia:

```
os.add_dll_directory(r"C:\msys64\mingw64\bin")
```

Badilisha njia ifuate ulikoweka MinGW. Lakini kama kazi hii utamkabidhi mhadhiri au mwenzako, ushauri wangu ni kuwafunga jamaa hao ndani ya faili lako, `g++ -O2 -shared -static hesabu.cpp -o hesabu.dll`. Faili itakuwa kubwa kiasi, ila mtu hatahitaji kusakinisha MinGW ili kusahihisha zoezi lako.

Ujumbe ukibadilika kuwa `WinError 193`, hiyo ni habari nyingine: biti hazilingani, mmoja ni wa 32 na mwingine wa 64. Pima upande wa Python kwa `python -c "import struct; print(struct.calcsize('P')*8)"`, kisha utafute kompaila ya biti hizohizo.

Swali

*Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Nafundisha sekondari Unguja. Miaka kadhaa nyuma niliandika moduli ndogo ya C, `kupwa`, inayokadiria saa za maji kujaa na maji kupwa, wanafunzi wanaiita kutoka Python. Kompyuta za maabara zimepandishwa kutoka Ubuntu 22.04 hadi 24.04, na sasa `setup.py` inasema `No module named 'distutils'`. Faili ya zamani ya `.so` bado ipo lakini Python inadai hakuna moduli yenye jina hilo. Intaneti ya shule ni ya kubahatisha.*

*Mw. H.*

Jibu

Nzuri, mwalimu, na hongera kwa kuwapa vijana hesabu ya bahari wanayoiona kila siku.

Ubuntu 24.04 inakuja na Python 3.12, na toleo hilo ndilo lililoondoa distutils, zana ya zamani ya kujenga moduli. Msimbo wako wa C pengine hauna tatizo. Kwenye `setup.py` badilisha mstari wa juu uwe `from setuptools import setup, Extension`, mengine yaache. Faili ya zamani itazame jina lake: `kupwa.cpython-310-x86_64-linux-gnu.so`. Ile 310 ni Python 3.10 ya Ubuntu 22.04. Python 3.12 inatafuta yenye 312 na hiyo inaipita kama haipo. Ifute pamoja na folda ya `build`, zisikuchanganye.

Kuhusu intaneti, tahadhari moja. `pip`, kisakinishi cha Python, inapojenga moduli hutengeneza mazingira ya peke yake na kushusha setuptools upya, hata kama unayo tayari. Mtandao ukikatika, ujenzi unashindwa kwa ujumbe usioeleweka unaohusu setuptools, na mtu anadhani C yake ndiyo mbovu. Kwa hiyo usijenge kwenye kila kompyuta. Chagua moja, ipeleke penye mtandao mzuri, kisha:

```
sudo apt install build-essential python3-dev python3-venv
python3 -m venv mazingira
mazingira/bin/pip install setuptools wheel
mazingira/bin/pip wheel . --no-build-isolation -w toleo
```

`python3-dev` ndiyo yenye `Python.h`; bila hiyo kompaila itasimama mstari wa kwanza. Ndani ya folda `toleo` utapata faili moja inayoishia `cp312-cp312-linux_x86_64.whl`. Iweke kwenye flashi, na katika kila kompyuta ya maabara tengeneza mazingira ya venv (folda yenye Python iliyotengwa na ya mfumo) kisha `pip install` faili hiyo. Ukijaribu kuisakinisha nje ya venv, Ubuntu 24.04 itakataa kwa `externally-managed-environment`. Usilazimishe, maana Python ya mfumo ndiyo inayoendesha zana za Ubuntu yenyewe. Kompyuta hizo hazitahitaji kompaila wala mtandao, mradi zote ni za 24.04 na prosesa zake ni x86-64. Venv haina budi kuwepo kwenye kila moja, kwa hiyo kama `python3-venv` haijawekwa, shusha vifurushi vyake vya `.deb` siku hiyohiyo ukiwa penye mtandao, uvipakie kwenye flashi ileile.